Kimya Alichokirithi Mnjala

Kimya cha mmoja hakirithiwi na wawili.

Mmemsikia msimamizi akiwatupia maneno hayo leo, pale wawili wenu mlipotaka kuachia winchi ya kushushia watu shimoni, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaitikia kengele. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza: kimya nacho hurithiwa vipi, kama shamba? Sogeeni basi. Methali hii hatukuachiwa na mababu. Walioisikia ikitamkwa mara ya kwanza wangali hai, na mmoja wao hata leo akiliona dimbwi hukunja suruali mapema kuliko watu wengine. Ilianza hivi.

Hapa hapa Ngulunyi, kizimba cha kushushia wachimbaji kiliongozwa zamani na kompyuta kuukuu iliyokaa ndani ya sanduku la bati karibu na mdomo wa shimo. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa na kichwa kimoja tu. Ilifanya jambo moja, ikalimaliza, ndipo ikashika jingine. Haikuwa na haraka, wala haikuwa na mwenzake wa kumpisha. Vumbi na joto vikaila polepole mpaka ikafa. Mgodi ukanunua bodi mpya, na prosesa ya bodi hiyo ilikuwa na vichwa viwili vilivyofanya kazi kwa pamoja, vyepesi kama swala.

Waliopewa kazi ya kuuhamishia mfumo wa zamani kwenye bodi mpya ni vijana wawili, Mnjala na Wakesho. Wote walikuwa mafundi wa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoiamuru mashine. Wakesho alikuwa mtu wa kuuliza. Mnjala alikuwa mtu wa kujibu. Kazi ile alijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na kama wengi waliojifundisha wenyewe, kila swali aliliona kuwa kejeli.

Sasa tegeni sikio, maana mzizi uko hapa. Kiini kina maneno yake machache, kama vile funga, amka, ngoja. Maneno hayo hayabadiliki hata kiini kikihamia mashine nyingine. Kinachobadilika ni namna kila prosesa inavyoyatii. Ndiyo maana kila aina ya prosesa huwa na faili lake la fasili, linaloeleza kwamba kiini kikisema neno fulani, prosesa hii ifanye kitendo fulani. Ukihama prosesa, sharti uzipime fasili zote upya, neno kwa neno.

Mnjala alizichukua fasili za mashine kuukuu akazipitia. Nyingi alizibadilisha kwa ustadi, na asiyempa sifa hiyo anamdhulumu. Akafika kwenye neno "ngoja". Mbele ya neno hilo hapakuwa na kitu. Aliyeandika faili lile zamani aliliacha tupu: kiini kikisema "ngoja", prosesa isifanye lolote. Kama halikuhitaji kitu miaka yote hiyo, Mnjala aliwaza, leo litahitaji nini? Akalinakili vile vile, tupu.

Wakesho aliliona.

"Mnjala, hapa pameachwa wazi."

"Najua."

"Kwa nini pameachwa wazi?"

"Kwa sababu hapana kitu! Wewe dada, hata kimya unataka kukitafutia tafsiri?"

"Nataka kujua aliyenyamaza alinyamaza kwa nini."

"Alinyamaza kwa sababu alikuwa na akili. Hebu jaribu na wewe."

Wakesho akacheka kwa sababu utani ulikuwa mzuri, akaliacha swali lake hapo. Hilo ndilo kosa lake yeye.

Siku ya majaribio walipakia mifuko ya mchanga kizimbani, wakaishusha hadi kina cha mwisho, kupita kituo cha kwanza, kupita kituo cha pili, ili kamba yote inyooke. Kule mwisho kuna shimo linalokusanya maji yanayochuruzika miambani, nalo linamzidi mtu kimo. Mifuko ikarudi juu inatiririka. Kizimba kilikuwa kimekwenda pale pale kilipoamriwa kwenda.

"Mchanga umebatizwa!" akapaza sauti Mwandoe, mshika breki wa winchi, na wachimbaji wote wakaangua kicheko. Hata Mnjala alicheka.

Kisha ikafika zamu ya desturi. Mnaijua: Ngulunyi, mkono uliotengeneza winchi ndio unaoshuka kwanza. Haijaandikwa popote, lakini hakuna mchimbaji atakayetia mguu kizimbani kabla haijatimizwa. Mzee Righa, msimamizi wa zamu, hushuka pamoja na fundi. Siku hiyo aliingia mbele, akamshikia Mnjala mlango.

"Karibu, fundi. Umeshaandika wosia?"

"Wosia ni wa wenye mashaka, mzee."

"Vema. Mimi wangu uko tayari."

Juu alibaki Wakesho kwenye kompyuta, na Mwandoe kwenye gongo la breki ya mkono. Righa akavuta kamba ya kengele, mlio wa kushuka. Mwandoe akaitikia kwa mlio ule ule. Mnjala akatabasamu. Enzi za kengele, aliwaza, zinakwisha leo.

Wakesho akaiamuru mashine: kituo cha kwanza.

Kizimba kikashuka bila kelele. Mdomo wa shimo ukawa sahani ya mwanga, kisha kisahani, kisha kifungo cha shati. Taa ya kituo cha kwanza ikatokea chini yao, ikapanda. Ikafika magotini, ikafika kifuani, ikafika usoni. Ikapita.

"Tumepitiliza," alisema Righa.

"Itasimama."

"Fundi, tumepitiliza."

"Nimesema itasi..."

Taa ya kituo cha pili ikawapita kama mtu asiyewajua. Chini yao giza likaanza kunong'ona, nao wakajua ni maji. Mnjala akaikumbuka mifuko ya mchanga ilivyokuwa ikitiririka.

Righa aliivuta kengele ya hatari kwa mikono miwili. Juu, Mwandoe akalilalia gongo la breki kwa uzito wake wote. Kizimba kikayumba, kikagonga mwamba, kikasimama. Maji yalikuwa yameshapenya sakafu ya wavu, yakawafika magotini.

Kisha yakawafika mapajani.

Kompyuta ilikuwa mpya, lakini breki ilikuwa ile ile ya zamani. Ilikishika kizimba, ikateleza, ikakishika, ikateleza, kama mlinzi anayesinzia. Ngazi ya dharura iliishia kwenye kituo cha pili, juu ya vichwa vyao, na mlango wa kizimba hufunguka vituoni tu. Hapakuwa na pa kwenda.

Mnjala akanyakua simu ya kizimbani. "Wakesho! Tupandishe!"

"Siwezi! Nimeiambia kituo cha kwanza, imekimbilia chini kabisa. Mpaka sasa mota inasukuma chini, ni breki tu inayowashikilia. Nikiipa amri nyingine, sijui itawapeleka wapi."

"Bodi ni mbovu hiyo!"

"Bodi imefuata namba ya mchanga."

"Nini?"

"Namba ya mchanga, Mnjala! Ninaiona hapa. Kichwa cha kwanza kimeandika namba ya kituo, kisha kikapandisha ishara ya kushuka. Kichwa cha pili kimeiona ishara kabla ya kuiona namba, kikashika ile ya mwisho ya kushuka, ile ya mifuko. Asubuhi namba iliwahi, sasa ishara imewahi. Na katikati ya namba na ishara, kiini kinasema 'ngoja', ili ishara isiitangulie namba. Hiyo 'ngoja' yako..."

"'Ngoja' yangu ni ile ile ya zamani! Nimeinakili, haikupungua hata nukta!"

Maji yakamfika kiunoni. Righa hakutia neno katika ugomvi wao. Alivuta kengele mara moja, akainua uso kusikiliza. Juu kukaitikiwa. Akavuta tena. Kukaitikiwa tena.

Mnjala akamgeukia kwa ukali. "Mzee, kengele ya nini sasa? Simu si hii?"

"Mwandoe hana simu. Mikono yake yote iko kwenye breki, kengele anaiitikia kwa kanyagio la mguu." Righa alipangusa maji kidevuni. "Asiponisikia atadhani tumekwisha, alegeze. Nisipomsikia nitadhani amechoka. Tuko wawili kwenye kamba moja, mwanangu. Kama ningekuwa peke yangu shimoni na sururu yangu, ningempigia nani?"

Mnjala akafungua kinywa ajibu, kama ilivyokuwa kawaida yake, mara akaelewa.

Aliyeandika faili lile hakusahau kitu. Prosesa yake ilikuwa na kichwa kimoja, haikuwa na wa kumngoja, na mbele ya neno "ngoja" aliacha ukweli mtupu wa mashine yake: hakuna lolote. Kimya kile kilikuwa jibu sahihi kabisa, jibu la mpweke. Yeye Mnjala alikichukua kama mtu anavyochukua kanzu ya marehemu bila kuipima, akavivisha vichwa viwili, akaiita kazi. Na swali lililokuwa limuokoe alilifanyia mzaha mbele ya mwenye kuuliza.

Simu ilikuwa nzito mkononi. Maji yalimgusa mbavu.

"Wakesho," alisema. "Ulisema kweli. Kosa ni langu."

"Hayo tutayaongea juu. Niandike fasili sasa? Nitaiandika, lakini kukijenga kiini upya kutachukua muda."

"Hatuna muda. Zima kichwa kimoja."

"Vipi?"

"Zima mashine, uiwashe upya kwa kichwa kimoja tu. Fasili hizo ni za mpweke. Mrudishie upweke wake. Kikibaki kichwa kimoja, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Kimya kile kitakuwa kweli tena."

"Na wakati inawaka?"

"Mwandoe."

"Breki inateleza, Mnjala."

"Ninaiona inavyoteleza. Zima!"

Mngurumo wa mota ukakatika. Hapo walisikia kila kitu: matone, kamba ikilalama, breki ikikwaruza kule juu. Righa alikuwa mtu mfupi, na maji yalikuwa yameshamfika shingoni. Mnjala akamshika kwapani akamwinua mpaka mzee akaudaka wavu wa paa. Simu ikazama. Ikawa imebaki kengele.

Yule kijana aliyeicheka kengele akaikamata kamba yake. Akavuta. Akangoja. Hajawahi kungoja kitu maishani mwake kama alivyoungoja mlio ule. Ukaja, hafifu. Akavuta tena, akangoja tena, na ukaja. Maji yakamlamba kidevu. Akavuta.

Jibu halikuja.

Righa, macho yakiwa yamefumbwa, alisema polepole, "Usivute juu ya kimya chake. Mpe nafasi."

Mnjala akaushusha mkono. Na katika nafasi ile, kutoka juu kabisa, ikalia kengele ambayo si jibu. Ulikuwa mlio wa kupanda. Mwandoe alikuwa anauliza kama wako tayari kupandishwa. Kila mshipa mwilini mwa Mnjala ulitaka kupiga kelele, pandisha, pandisha tu! Lakini aliivuta kamba kama inavyovutwa, mlio kamili wa kupanda, ili mwenye kuuliza ajue amesikiwa.

Kizimba kikatikisika. Maji yakaanza kushuka kifuani, kiunoni, magotini. Taa ya kituo cha pili ikarudi kutoka juu, safari hii kama mtu anayewajua.

Walipotokea nje, wachimbaji walikuwa wamekusanyika. Mwandoe alikuwa ameketi chini, viganja vimevimba, hawezi kukunja vidole. Wakesho alisimama kando ya sanduku la bati, akilia na kutukana kwa pamoja. Mkuu wa mgodi akajipenyeza mbele.

"Bodi ni mbovu, sivyo? Semeni tuirudishe kwa walioiuza."

Mlango ule wa kuikwepa lawama ulikuwa wazi, na Mnjala angeweza kuupita. Hakuna mtu pale ambaye angembishia, ila Wakesho, naye alikuwa akimtazama tu.

"Bodi ni nzima," alisema Mnjala, meno yakigongana. "Aliyetutangulia aliliacha neno tupu, kwa sababu mashine yake ilikuwa peke yake. Wakesho akaniuliza sababu, nikamcheka. Nilirithi kimya cha mmoja, nikawapa wawili."

Mwandoe akainua viganja vyake, akavitazama, akamtazama na Mnjala alivyolowa.

"Basi jamani tumejua," alisema. "Kimya cha mmoja hakirithiwi na wawili. Na kumbe si mchanga peke yake uliobatizwa leo."

Kicheko kikalipuka, kile kicheko cha watu waliokuwa wameshaanza kuomboleza. Methali ikazaliwa ndani yake.

Breki ikafungwa mpya kabla ya kitu kingine chochote. Fasili ya "ngoja" ikaandikwa upya kwa ajili ya vichwa viwili, na aliyeiandika ni Wakesho, Mnjala akiwa kando yake akiuliza kila mstari kwa nini uko pale, mpaka Wakesho akamwambia, "Umeniambukiza majibu, nimekuambukiza maswali." Vichwa vyote viwili vikawashwa. Desturi ikadai mkono uliotengeneza, na safari hii waliingia kizimbani wote wawili. Mnjala alikunja suruali hadi magotini. Hakuna aliyemcheka.

Alivuta kengele. Wakesho alifungua mdomo aseme jambo, lakini Mnjala akainua kidole: kwanza jibu lije. Likaja. Wakashuka. Taa ya kituo cha kwanza ikatokea chini yao, ikapanda magotini, ikapanda kifuani, ikafika usoni.

Ikasimama.

Kwa hiyo nanyi, mkipokea kazi ya waliotangulia mkaona mahali hawakuweka neno, msiseme hapakuhitajika neno. Ulizeni kwanza mwenye kunyamaza alikuwa na nani. Sasa rudini kwenye winchi, na atakayepiga kengele angoje aitikiwe. Kimya cha mmoja hakirithiwi na wawili.