Vyuo Vitatu vya Meno na Kidole Kimoja

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na mazimwi, bali zamani ya juzijuzi tu, simu zikiwa zimekwisha kuingia hata jikoni, palikuwa na kijiji chini ya mlima Meru ambacho watu wake walicheka kwa kiganja. Mtu akisikia jambo la kuchekesha, kwanza mkono unapanda mdomoni, ndipo kicheko kinatoka. Watoto walijifunza hivyo kwa mama zao, kama wanavyojifunza kunawa kabla ya kula. Sababu ilikuwa meno. Meno ya watu wa pale yalikuwa ya kahawia, mengine yana madoa, mengine kama punje za mahindi zilizoungua.

Katika kijiji hicho aliishi msichana aitwaye Nasaeli. Mama yake alikwisha kufariki, naye alikaa na baba yake, mtu mpole wa maneno machache. Alipokwenda shule ya bweni, wenzake wa mbali walimwuliza, "We Nasaeli, kwenu hakuna miswaki?" Nasaeli akasugua meno kwa mkaa. Akasugua kwa majivu. Akasugua kwa mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Meno yakabaki vilevile.

Siku moja akaja shuleni daktari wa meno, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Akamwambia Nasaeli apanue mdomo, akatazama, wala hakukunja uso.

"Binti, unatoka upande gani wa mlima?"

Nasaeli akamtajia.

"Basi usijisugue tena, mwanangu. Haya si uchafu. Maji ya kwenu yana madini mengi mno, na magadi mnayolainishia makande yanaongeza. Yalikutia rangi ungali mtoto, meno yakiwa bado ndani ya fizi."

"Kwa hiyo mimi si mchafu?"

"Wewe msafi kuliko mimi. Mimi leo nimeamka nimechelewa, mswaki wenyewe nimeupungia mkono tu."

Nasaeli alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Tangu siku ile alitaka jambo moja: awe daktari wa meno, arudi kwao, awaambie watu wake neno lile lile alilolisikia.

Lakini safari haikosi jiwe la kujikwaa. Alipofika kidato cha tano Nasaeli alipata mimba ya kijana wa ng'ambo ya bonde, jina lake Godlizen. Godlizen akaaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Maisha aliyatafuta, njia ya kurudi hakuitafuta. Nasaeli akaacha shule, akajifungua mtoto wa kike, akamwita Elinami. Watu wakasema, "Basi, daktari wetu kaishia hapo."

Hakuishia hapo. Sikilizeni sasa habari za watu watatu waliomwinua.

Wa kwanza alikuwa Mama Godlizen, mama wa yule kijana aliyekimbia. Kijiji kile kina desturi: ukimkosea mtu unampelekea loshoro, makande yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, nawe husemi neno mpaka mwenyewe aonje. Mama Godlizen alikuja mchana kweupe, watu wote wanamwona, kibuyu cha loshoro kichwani. Akakiweka mbele ya baba yake Nasaeli, akakaa chini, akanyamaza. Baba akakitazama kibuyu. Jua likasogea. Inzi wakaja, Mama Godlizen akawa anawafukuza kwa ncha ya khanga, bado kimya. Mwishowe Nasaeli mwenyewe akatoka ndani, mtoto mgongoni, akaonja.

Mama Godlizen akashusha pumzi. "Mwanangu amekukimbia. Mimi sikukimbii. Unataka nini?"

"Nataka kurudi shule, mama."

Kesho yake Mama Godlizen alikuwa kwa mkuu wa shule ya kutwa ya jirani. Akaambiwa aje siku nyingine. Akaja siku nyingine. Akaambiwa ni kweli siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, ila madawati yamejaa. Mama Godlizen akaondoka bila kubisha, akarudi na kigoda cha jikoni kwake. "Dawati hamna? Hiki hapa. Atakalia hiki mpaka mtakapoona haya." Nasaeli akaandikishwa siku ile ile.

Wa pili alikuwa Mwalimu Mwasenga, mwalimu wa fizikia, aliyekuja kufundisha pale kutoka Mbeya. Nasaeli alikuwa ameachwa nyuma na wenzake, na mtoto mchanga hana habari na fizikia. Mwalimu akawa anakuja nyumbani kwao kila Jumamosi, anatundika ubao kwenye mlango wa zizi. Siku ya kwanza Elinami alilia katikati ya somo, na Nasaeli akaona aibu, hajui afanye nini mbele ya mwalimu. Mwalimu akageukia ubao.

"Mimi naandika," akasema. "Wewe mnyonyeshe. Ukimaliza sema tayari, nami nitageuka."

Akaandika. Ubao ukajaa. Akafuta upande mmoja akaandika tena, na ng'ombe zizini wakamtazama. Hakugeuka hata mara moja mpaka aliposikia "tayari, mwalimu." Hivyo ndivyo Nasaeli alivyojifunza mwanga, joto na umeme, mgongo wa mwalimu ukiwa ndio stara yake.

Wa tatu alikuwa Mama Fanueli, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mtoto wa umri mmoja na Elinami. Mtihani wa kidato cha sita ulipofika, watahiniwa walitakiwa kulala shuleni mpaka wamalize, na Elinami hakubali kikombe wala chuchu ya chupa. Nasaeli akasema basi, mtihani aache. Mama Fanueli akamjia juu.

"Uache nini? Nilete huyo mtoto. Mungu kanipa matiti mawili. Moja la Fanueli, moja la Elinami. Angetaka ninyonyeshe mmoja angenipa moja."

Muuguzi wa zahanati akasema Mama Fanueli apime damu kwanza, asije akamwambukiza mtoto ugonjwa. Akapima, akarudi anacheka: "Nimepita! Mimi nimefaulu kabla yako." Akawanyonyesha wote wawili mpaka mtihani ukaisha. Fanueli alilia sana siku zile, maana alizoea kushiba peke yake. Mama Fanueli alikonda, mgongo ukamuuma. Hakusema. Nasaeli alijua tu kwa sababu aliporudi alikuta khanga yake inamzunguka mara mbili.

Mjue pia desturi ya pale: mtoto aliyenyonya nyumba mbili ni wa nyumba mbili. Hapelekwi mbali bila kauli ya aliyempa maziwa.

Matokeo yakatoka. Nasaeli akafaulu. Akaomba nafasi ya kusomea meno katika vyuo vitatu, akidhani labda kimoja kitamkubali. Vyote vitatu vikamkubali! Ujumbe ukaingia kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulisema neno moja: thibitisha kabla ya jua kuchwa Jumamosi, la sivyo nafasi yako atapewa mwingine. Ukithibitisha kimoja, viwili vimekwenda.

Jumamosi ile baba yake Nasaeli akachinja kuku, akawaita wale watatu kula na kushukuru. Wakala. Wakashukuru. Kisha wakaanza.

Mama Godlizen alisema, "Thibitisha kile chuo kikuu cha ziwani. Dada yangu anakaa jirani na lango la chuo, nimekwisha kuongea naye. Utakwenda na mtoto wako, utasoma, jioni utamkuta. Mjukuu wangu atakua na mama yake, na kwetu watamjua."

"Mjukuu!" Mama Fanueli akapiga kofi. "Leo ni mjukuu? Wakati analia usiku huyo babake alikuwa wapi?"

"Babake sijui. Mimi nilikuwa hapa."

"Na mimi je? Mtoto kanyonya kwangu. Umpeleke ziwani, umeniuliza?"

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza, mwenzangu. Kuku nimemla kwa heshima, au hukuona?"

Wakacheka wote, viganja midomoni. Mama Fanueli akamgeukia Nasaeli. "Mimi nasema thibitisha kile chuo cha mjini kwetu. Miaka mitatu tu unatoka tabibu wa meno. Unang'oa, unaziba, unasafisha. Kila Ijumaa uko nyumbani. Mtoto anabaki kwangu, hatoki kijijini, na watu wetu wanapata wa kuwatazama upesi."

Mwalimu Mwasenga akakohoa. "Shikamooni tena, mama zangu, maana nataka kuwapinga. Thibitisha chuo kikuu cha jijini, kule pwani. Ndiko wanakochunguza maji ya namna hii na meno ya namna hii. Hutajifunza kutibu mdomo mmoja mmoja tu, utajifunza kuzuia. Watoto watakaozaliwa hapa wasipate kabisa."

"Miaka mitano, mwalimu!" Mama Fanueli akasema. "Na mabweni ya huko hayachukui mtoto. Elinami ataota meno yote mama yake hayupo."

"Najua," mwalimu akajibu kwa sauti ndogo. "Ndiyo bei yake."

Wote wakamtazama baba yake Nasaeli.

"Mimi nimechinja kuku," akasema. "Hayo mengine ni yenu."

Nasaeli alikuwa ameipakata simu mapajani. Machozi yakaanza kumtoka, nao wakashtuka, kila mmoja akidhani ameumiza.

"Silii kwa uchungu," akasema. "Nilipokuwa na mimba nilipita njiani watu wakinikwepa. Leo nagombaniwa. Mama Godlizen, ulikaa chini juani mbele ya baba yangu, nawe hukuwa na kosa. Mwalimu, umejaza ubao mara ngapi bila kugeuka. Mama Fanueli, nimeiona khanga yako. Nawashukuru, na sijui nimshukuru nani kwa kumkosea nani."

 Mnadhani baada ya maneno hayo kila mtu alishikilia dai lake? Laiti wangeshikilia.

Mwalimu Mwasenga akawa wa kwanza. "Habari ya khanga sikuijua," akasema. "Mimi nilitoa Jumamosi zangu. Huyu mama ametoa mwili wake. Nasaeli, futa neno langu. Thibitisha cha mjini, msikilize Mama Fanueli."

Mama Fanueli akaruka. "Nani? Mimi? Niwe ndiye niliyemkata huyu binti nusu? Aliyeweza kuwa daktari mzima awe pungufu kwa sababu ya maziwa yangu? Maziwa hayarudishwi, mwalimu, wala siyadai. Nendeni ziwani, na mtoto. Mtoto na mama yake wasitengane. Kauli yangu mmeipata."

Mama Godlizen akatikisa kichwa. "Mimi nilikuja na kibuyu kwa ajili ya kosa la mwanangu. Mtu anayefuta kosa hapewi zawadi. Mwalimu hakuwa na kosa la kufuta, hana udugu nasi, na bado alikuja. Athibitishe cha pwani. Mimi na Mama Fanueli tutamlea Elinami, nyumba kwa nyumba."

"Lakini mama," Nasaeli akasema, "bila kigoda chako mwalimu angemfundisha nani?"

"Na bila mwalimu ungekwenda kwenye mtihani kufanya nini?" Mama Godlizen akamjibu.

"Na bila Mama Fanueli mtihani wenyewe angeufanya nani?" mwalimu akadakia.

Wakazunguka hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake baraka. Walipokuwa wanavutana, Nasaeli angeweza angalau kusema, huyu ana nguvu zaidi. Sasa wameachiana, na kila chuo kimebaki bila mwenye kukidai, ila kila kimoja kinapendekezwa na mtu aliyekiacha chake kwa ajili ya mwenzake. Akifuata kauli zao za mwanzo, anawakosea wawili. Akifuata za mwisho, pia anawakosea wawili.

Kivuli cha mlima kikaanza kushuka juu ya migomba. Elinami akaamka, akatambaa, akapita kwa Mama Fanueli akashika khanga yake, akapita kwa Mama Godlizen akachezea bangili, akafika kwa mwalimu akasimama kwa kushikilia goti lake. Hakukaa kwa yeyote. Baba yake Nasaeli akainuka kukusanya vyombo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, ili tu pawe na sauti fulani pale.

Nasaeli akafungua simu. Vyuo vitatu viko mbele yake, kimoja chini ya kingine. Kidole chake ni kimoja.

Sasa nawageukia nyinyi mnaosikiliza. Kuna mwanamke aliyebeba kosa lisilo lake, akaufungua mlango uliofungwa. Kuna mwanamume asiye ndugu, aliyefundisha bila kumwaibisha. Kuna jirani aliyemnyang'anya mwanawe shibe ili mtoto wa mwingine asilie. Mmoja anampa mtoto mama yake. Mmoja anawapa watoto ambao bado hawajazaliwa meno yao. Mmoja anawapa watu wa leo wa kuwatibu upesi. Na kila mmoja amekwisha kusema, si mimi, ni mwenzangu.

Msiniambie "wote." Simu ya Nasaeli haina mahali pa kubonyeza wote. Wala msiniambie "yeyote," maana nafasi mbili atakazoziacha zitapewa wengine, wala hazirudi.

Jua limegusa mgongo wa mlima. Semeni upesi, ndugu zangu: athibitishe chuo kipi? Je, kati ya watatu hao, ni nani aliyestahili kusikilizwa?