Jina la Kanga ya Idd

"Mwenye mlango kwa jirani, hakai kikao cha ndani." Mmeisoma kwenye kanga ya mama yenu, wajukuu zangu, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikushuka na mvua. Ilianza hivi, nami nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu za kikao.

Kampuni yetu ya kanga pale Tanga ilikuwa na wakurugenzi watano. Kila mwaka, miezi miwili kabla ya Idd, walijifungia kuchagua jina la kanga mpya, yaani yale maneno yanayoandikwa chini. Jina likishapita halitajwi, hata kwa mke, mpaka kanga zifike madukani. Anayetangulia kulitoa ndiye anayeuza. Wa pili hubaki na marobota yake. Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Mwenyekiti wetu, Bi Mwanatumu, alisema wazi kwamba kanga ya Idd isipouzika, kiwanda kinafungwa na wafanyakazi themanini wanarudi majumbani.

Mtunzi wa majina alikuwa mmoja wa wakurugenzi, Mzee Mbaruku Chonge. Maneno aliyajua, na kusifiwa alikupenda. Lakini kuna jambo alituficha: alikuwa na hisa katika kampuni jirani ya shemeji yake, iliyochapa kanga kama sisi, na vikao vyake alihudhuria. Desturi yetu ilikuwa mwenye maslahi kwingine aseme, kisha atoke nje kabla shauri halijafunguliwa. Mbaruku hakusema wala hakutoka. Akatutungia jina tamu, tukalipitisha kwa makofi.

Wiki tatu kabla ya Idd, Bi Mwanatumu aliingia kikaoni na kanga mpya ya wale jirani zetu, akaitandaza mezani. Jina lilikuwa letu, neno kwa neno.

"Mbaruku," alisema, "wamekupa nini?"

"Wallahi, hata senti sikupewa." Akaisogeza ile kanga kando. "Walinisomea jina walilotunga wao. Bovu, Mwenyekiti, halina hata vina. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia jina la kanga huwa hivi. Likanitoka."

"Kwani kikaoni kwao ulikuwa unafanya nini?"

"Nina hisa kule."

Bi Mwanatumu alilengwa na machozi. "Basi hukutuuza. Ila ulikaa huku na kule, na mdomo ni huo huo mmoja. Nikawaambie nini wale themanini?"

Mngetaka niseme nilimhurumia. Sikumhurumia. Mtu mzima kuponzwa na sifa!

Mzee Mbaruku akaniomba kalamu. Akaandika barua ya kujiuzulu, na chini yake mstari mmoja.

"Chapeni huu," akasema. "Mji wote utajua ni mimi. Chapeni tu."

Tulichapa. Kisa kilikuwa kimeshaenea mjini, na kila mwanamke aliitaka kanga hiyo. Ziliisha kabla mwezi haujaandama, na kiwanda hakikufungwa.

Siku ya Idd nilikwenda kwake kumpa mkono. Hasira zilikuwa zimenitoka. Mkewe alituletea chai amejifunga kanga ile ile, na alipogeuka kurudi jikoni, mzee akaufuata ule mstari kwa macho. Aliusoma polepole, neno moja moja, kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine:

"Mwenye mlango kwa jirani, hakai kikao cha ndani."