Msusi Mize na Jamvi la Tajiri Khelef

Palikuwa na tajiri katika mji wa Pongwa, Khelef bin Shaame, aliyetaka asiguswe na sheria. Si kwamba alitaka sheria nafuu. Alitaka isiwepo kabisa. Mwizi wa kuku ana sheria yake, mwenye kuku ana yake, na hata Sultani akitamani mke wa tano hufunguliwa kitabu. Khelef yeye aliona keshavuka huko.

Jeuri hiyo aliipata kwa Jamvi. Jamvi lilikuwa programu ya simu, mali yake mwenyewe, tena ya bure, na Pongwa nzima ilihamia humo. Samaki waliuzwa humo, posa zilipelekwa humo, misiba ilitangazwa humo. Aliyebaki nje ni mpiga mbiu wa mji peke yake, naye ni kwa sababu simu yake ilitumbukia kisimani.

Mjini humo alikuwapo msusi, Mize binti Haji, fundi wa mkono na wa mdomo. Wanawake hawakumfuata kwa mabutu ya nywele tu. Kichwa kikishikwa siri hutoka, na siri ikiingia kwa Mize ilikuwa imezikwa. Basi siku moja mteja wake Zuhura, kichwa kinasukwa, simu mapajani, akamnong'oneza:

"Shoga yangu, huyu mume nimemchoka. Nataka kuondoka."

Mize akampa pole, akaendelea kusuka. Jioni ile mume wa Zuhura akafungua simu yake. Jamvi likamletea tangazo: magodoro ya mtu mmoja, bei ya kutupa.

Nyumba ikawaka moto. Zuhura akamjia Mize juu. "Nilikwambia wewe tu." Mize akaapa, hakusadikiwa. Wateja wengine waliposikia, kiti chake kikakauka. Kwa uchungu akaandika Jamvini kwamba Jamvi lina masikio. Chai yake haijapoa, akafungiwa: umekiuka masharti. Na Pongwa ya siku zile, asiyekuwamo Jamvini alikuwa maiti anayetembea. Watu walipita mlangoni pake wakiulizana kama kahama.

Ndipo akasikia kuwa Sultani Badru amekaa barazani na mawaziri wake, wanajadili kama Jamvi liwekewe sheria. Mize akajifunga kanga, akaenda.

Alimkuta Khelef keshafika. Nyuma yake walijaa wafanyabiashara, wale wanaomlipa awatangazie bidhaa zao. Mbele alikaa Sultani, na ubavuni pake mkewe, Bibi Salha.

"Maulana," Khelef alikuwa akisema, "sheria ya nini? Kila aliyemo Jamvini aliyakubali masharti kwa kidole chake."

"Nani aliyasoma?" Mize akauliza kutoka mlangoni.

"Kutosoma kwako si kosa langu, mama."

"Yameandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi."

"Na sisimizi huonekana, kwa anayeinama."

Baraza likacheka. Mize akasikia masikio yanawaka, lakini akasogea mbele.

"Asiyeridhika atoke," Khelef akaendelea. "Mlango uko wazi."

"Nimeshatolewa, Bwana Khelef. Huko nje hakuna mtu. Umeuhamisha mji, ukaniachia mlango."

Sultani akatabasamu kidogo. Waziri mmoja akauliza kama ni kweli Jamvi husikiliza watu.

"Hatusikilizi," Khelef akajibu. "Mashine hukisia tu. Na asiye na la kuficha anaogopa nini?"

Waziri akatikisa kichwa kukubali, na wenzake wakamfuata. Mize akaliona jambo linateleza. Baraza likivunjika hivi, atarudi nyumbani kushika kitana kisicho na kichwa.

Aliyemwokoa ni Khelef mwenyewe. Alipoona anashinda, akawageukia wafanyabiashara wake awafurahishe.

"Na mashine yangu haikosei, mabwana. Inajua mtu atataka nini kesho, yeye mwenyewe hajajua. Ndicho mnachonilipia."

Mize akainua kichwa.

"Mtu gani, Bwana Khelef?"

"Yeyote mwenye simu."

"Maulana ana simu."

"Anayo, na Jamvini yumo. Namshukuru."

"Basi tusimchoshe. Mashine yako inasema Maulana ataamua nini leo?"

Khelef akamtazama Sultani, kisha akageuka kuwatazama wafanyabiashara wake. Akisema inajua, basi amemsikiliza Sultani. Akisema haijui, wale walio nyuma yake miaka yote wamenunua upepo. Mmoja wao alikwisha kuinama mbele asikie vizuri.

Sultani akaweka kikombe cha kahawa chini. "Jibu."

"Maulana, inajua... kidogo."

"Kidogo kipi?" Mize akauliza kwa adabu. "Cha barazani au cha chumbani?"

Sultani akaitazama simu yake iliyolala juu ya mto, akaifudikiza.

"Hata mimi nataka kujua," akasema Bibi Salha, taratibu. "Wiki nzima naletewa matangazo ya dawa ya mkoromo. Mimi sikoromi. Nani alikwambia nani anakoroma?"

Mawaziri wote wakaangalia vidole vya miguu yao. Sultani akawa mwekundu mpaka shingoni. Jasho likamteremka Khelef likaingia kwenye kola ya kanzu.

"Maulana, nilinde," akasema. "Mtu hawezi kuingiliwa hivi. Lazima uwepo mpaka wa kuulizana mambo ya watu ya ndani, na mpaka huo auweke Sultani, asiachiwe kila mtu kujiwekea wake."

Mize akajifunga upya kanga yake, akapiga goti.

"Maulana, sina la kuongeza. Bwana Khelef amenisemea."