Lyambiko na Makanda ya Mbegu

Sogeeni, wajukuu. Aliye nyuma aje mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nitakayoyasema yalikuwapo na sasa hayapo, ila kinywani mwangu bado yapo.

Zamani hiyo, zamani ambayo hata babu yangu aliiita zamani, nzige walishuka kijijini Mbalati. Wakala mtama wote shambani. Watu wakala akiba, akiba ikaisha, kisha kwa aibu wakala na mbegu. Wakatumwa watu wawili wakatafute mbegu nyingine: Lyambiko, mpiga kafi aliyewashinda wenzake wote, na shemeji yake Nambela, mjane wa kaka yake. Wakapanda milima kwa miguu siku kumi na moja hadi kwa wajomba zake Lyambiko. Wajomba wakawapa mtumbwi na makanda manane ya mbegu ya mtama. Wakawaambia, “Mvua imekaribia. Kwa miguu hamtawahi. Shukeni na mto.”

Na mto wenyewe ni Lukwinda, wanangu. Unapita nchi isiyo na moshi wala jogoo, katikati ya majabali meusi, na una maporomoko matano. Kila poromoko lilidai kazi ile ile. Waegeshe, wapakue makanda, wayabebe jiwe kwa jiwe hadi chini, warudi, waushushe mtumbwi kwa kamba, wapakie tena. Piga kafi, pakua, beba, shusha, pakia. Piga kafi, pakua, beba, shusha, pakia. Mnaona mimi nimechoka kusema tu? Wao walikuwa wanafanya.

Unga waliofungiwa uliisha siku ya tatu. Wakawa wamekaa juu ya chakula na matumbo yamewabana, kwa maana mbegu haikuwa yao, ilikuwa ya Mbalati.

“Shemeji, tazama,” Nambela alisema. Juu ya jabali mbega walikuwa wakiruka, mikia yao myeupe ikining’inia, na kijito kilidondoka kutoka juu kabisa kikawa ukungu kabla ya kufika chini.

Lyambiko hakuinua macho. Ngozi ya viganja ilikuwa imebanduka. Aliona kafi, na maji yaliyo mbele ya kafi, basi.

Siku ya tano wakasikia poromoko la mwisho likinguruma.

“Tuegeshe,” Nambela akasema.

Lyambiko akaendelea kupiga kafi.

“Shemeji, egesha.”

“Hili nalijua. Nililipita na marehemu.”

“Mlikuwa na mzigo?”

Nambela akauliza tena, taratibu, “Mlikuwa na mzigo, shemeji?”

“Mikono imekataa, Nambela. Nikishuka hapa sitainuka tena.”

“Basi shuka ulale. Nitabeba mimi polepole, hata kama ni hadi jua litue.”

Hapo ndipo, wajukuu, alipopewa nafasi ya kupumzika. Lakini aliona haya. Yeye alale, mjane wa kaka yake abebe? Akauma meno, akaelekeza mtumbwi katikati ya maji.

Ngazi ya kwanza ya poromoko wakaivuka. Ya pili wakaivuka, Nambela akisukuma miamba kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Kwenye ya tatu Lyambiko alitaka kuvuta kafi kulia, mkono ukachelewa. Kidogo tu. Upondo ukakatika, mtumbwi ukagonga, ukalala ubavu, makanda matano yakaenda. Yakapasuka kwenye mawe, mtama ukatapakaa juu ya povu kama vumbi jekundu. Matatu Nambela aliyabana kwa magoti.

Walipofika kwenye maji yaliyotulia, Lyambiko akashuka, akaanza kuokota punje zilizonasa kwenye mwamba, moja moja.

“Acha, shemeji,” Nambela akasema. “Utawaambia nini?”

“Nitasema wajomba walitupa matatu.”

Nambela akachukua kafi, akapiga yeye hadi Mbalati.

Wakafika mchana. Watu walikuwa wamesimama ukingoni, mifupa mitupu. Mzee Ngwale, mkubwa wa kijiji, akayatazama makanda. “Wajomba zako wametupa matatu?”

Lyambiko akamtazama Nambela. Nambela alikuwa anafunga mtumbwi, hakugeuka.

“Manane,” Lyambiko akasema. “Matano nimeyamwaga mimi. Shemeji aliniambia niegeshe, sikuegesha. Nilichoka, nikaona haya kusema nimechoka.”

Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akakaa chini mchangani.

Mwishowe Mzee Ngwale akauliza, “Na sasa umechoka?”

“Nimechoka, baba.”

“Kalale. Kesho tunapanda.”

Wakapanda yale matatu. Mashamba mengine yakabaki nyasi. Mwaka ule Mbalati walikula mara moja kwa siku, na wazee wawili hawakuyaona mavuno. Mmoja wao alikuwa mama yake Lyambiko. Alimzika mwenyewe, na hakuna aliyemlaumu. Kila msimu baada ya hapo alipanda shamba lake, kisha akaenda kupanda la Nambela.

Basi wajukuu, mkichoka, semeni mmechoka. Si aibu. Na mwenzenu akiwapokea mzigo, mpeni. Kisa changu nimekitua hapa; mwenye mabega akibebe, mimi naenda kulala.