Mbweha Aliyekuja Kupima Nyumba Yake

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala leo? Moto wa tanuri umeitikia kuliko ninyi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo nimesikia watu. Mbonea, acha kuchokoachokoa hivyo viazi, vitaiva bila msaada wako. Senzia, sogea huku kwenye joto. Na huo mdomo uliouvuta tangu tuliposhuka mlimani kuja bondeni, utue kidogo, utakuchosha. Baba yenu amefyatua matofali ya nyumba mpya, sisi tumekaa kuyachoma, basi leo shangazi yenu anawapa hadithi ya matofali.

Hapo kale, kale ambayo hata hii milima yetu ilikuwa bado haijapewa majina, palikuwa na mji unaitwa Babeli. Mji huo ulikuwa na njaa. Ukala mji jirani, haukushiba. Ukala mji wa mbali, haukushiba. Ukanyoosha mkono mpaka nchi ya Yuda, nchi ya vilima na makomamanga, ukachoma nyumba, ukafunga watu kamba, ukawaswaga mpaka Babeli wakawe watumwa.

Miongoni mwa hao watu alikuwamo mama mmoja, Hogla, na binti yake Atara, mtoto ambaye hata meno yake ya utoto hayajaanza kung'oka. Moto ulipofika uani kwao, Hogla hakuokoa chungu wala nguo. Alichuma komamanga moja kwenye mti uliopandwa na nyanya wa nyanya yake, akazifunga mbegu zake kwenye pindo la kitambaa cha kichwa. Walipofika juu ya kilima akageuka nyuma, mti ule ulikuwa unawaka.

Hogla hakuishi sana ugenini. Siku ya kufa kwake alimwita Atara, ambaye sasa ni msichana, akamkabidhi kile kitambaa na mbegu zake.

"Mwanangu, kwetu hakijabaki kitu ila hiki," akasema. "Zirudishe."

Atara akaapa kwamba atazirudisha. Akakaza lile fundo, akalikaza tena.

Sasa, huko kwenye mitaa ya mateka alikuwako nabii. Nabii aliwaambia watu kwamba Babeli imepanda kwa saa yake na itashuka kwa saa yake. Itapita miaka sabini, kisha mto wenyewe utausaliti mji, mbweha watalala sebuleni kwa mfalme, na bundi watataga madirishani. Watu kusikia hivyo, vigelegele! Lakini nabii hakuwa amemaliza. Akasema, kwa hiyo jengeni nyumba, limeni bustani mle matunda yake, na mji huu mliomo muuombee amani. Hapo vigelegele vikakatika. Watu wakatawanyika wananung'unika.

Atara naye hakulipenda neno hilo. Moyoni mwake aliona kwamba anayepanda ugenini amekubali kukaa. Akakitundika kile kitambaa mlangoni, kama mtu anayeondoka kesho, na uwanja wake akaufagia ukabaki mweupe. Hata mchicha hakuotesha.

"Hata mchicha, Shangazi?"

Hata mchicha, Eliapenda. Mboga alikuwa akiomba kwa jirani, na jirani huyohuyo ndiye aliyemsengenya kwamba amekusahau kwao. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msiniangalie mimi.

Kazi ya Atara ilikuwa kufyatua matofali. Na watu wa Babeli walikuwa na desturi yao. Kila tofali likiwa bado bichi, linapigwa muhuri wa jina la mfalme. Ukuta mzima jina, ngazi jina, hata choo jina. Walidhani jina likipigwa mara nyingi hivyo halitafutika. Tofali lililoharibika jina lilirudishwa kwenye tope likakandwa upya.

Basi mchana mmoja, jua la kupasua kichwa, wasimamizi wamelala kivulini, akatokea mbweha. Akaja mdogomdogo katikati ya matofali mabichi, tipu, tipu, tipu, akakanyaga moja palepale penye jina la mfalme.

"Wewe mbweha, umekuja kufanya nini?" Atara akauliza.

"Nimekuja kupima nyumba yangu."

Atara akacheka, kwa sababu Babeli wakati ule ilikuwa kileleni hasa. Ukuta wake ulikuwa mpana, magari ya farasi yanapishana juu yake. Halafu akalikumbuka neno la nabii, kicheko kikamkauka. Akauliza, "Na mimi, nitarudi kwetu lini?"

"Bado," mbweha akasema. "Umepanda nini?"

"Sijapanda kitu."

Mbweha akatikisa kichwa, akaenda zake.

Atara alipaswa kulirudisha lile tofali kwenye tope. Hakulirudisha. Alilificha kati ya wenzake, likachomwa, likaenda kujengewa kingo za mto Frati. Kila akipita pale alikuwa akitabasamu kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake pekee.

Miaka ikaenda. Atara akaolewa, akazaa. Mfalme akafa, akaja mwingine, akafa, akaja mwingine, na wote mihuri yao haikosi. Uwanja wa Atara bado mweupe. Jioni moja alitumwa kupeleka matofali ikulu, kulikuwa na ukuta umepasuka. Akiwa ametua mzigo, akamwona bundi ametulia kwenye dirisha la mfalme, hana hata wasiwasi.

"Wewe bundi, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuchagua chumba changu."

"Na mimi, nitarudi kwetu lini?"

"Bado," bundi akasema. Haya, semeni wote, bundi akamwuliza nini?

"Umepanda nini!"

Ndiyo hivyo. Na Atara safari hii akakasirika. Alirudi nyumbani anaongea peke yake njia nzima, kwamba yeye ndiye aliyetunza, yeye ndiye asiyesahau, leo anaulizwa na ndege. Akakitungua kile kitambaa mlangoni ajionyeshe mwenyewe alivyotunza. Fundo lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno.

Ndani, vumbi. Wadudu walikuwa wameshakula. Akachambua, hii ganda tupu, hii ganda tupu, hii imeoza. Zilizobaki zenye uzito hazikufika hata kujaza kiganja cha mtoto. Atara akaketi chini akalia kama siku ile ya msiba. Alikuwa ameishika amana ya mama yake kwa nguvu mpaka inataka kumfia mkononi.

Hakungoja kupambazuke. Alichimba uwanja wake uleule mweupe, akazifukia zile mbegu, akazimwagia maji ya Frati, huku akimwomba mama yake msamaha kwamba anazipanda mahali pasipo pake. Kisha akangoja. Akangoja tena. Majirani wakamwambia mbegu za miaka yote hiyo hazioti, wakamshauri apande vitunguu. Akapanda vitunguu, lakini kila asubuhi alikwenda kuchungulia kona ile.

"Zikaota?"

Ikaota moja, Mbonea. Moja tu, nyembamba, ungedhani jani la nyasi. Siku ile Atara hakwenda kazini. Alikaa kutwa anafukuza mbuzi.

Mti ukakua. Siku alipopasua komamanga la kwanza na kutia punje mdomoni, wanangu, uwanja wote wa kwao ulimrudia. Aliona kivuli kilivyokuwa kinaanguka karibu na kisima. Alisikia mama yake anamwita aje kula, sauti ambayo alikwisha kuisahau na hakujua kwamba ameisahau. Akaita majirani. Mateka wazee wakala, kisha mmoja akataja jina la kilima chao, mwingine akataja cha kwao, na watoto waliozaliwa Babeli wakayasikia majina hayo kwa mara ya kwanza. Tangu hapo kila jioni watu walikuja kukaa pale, na uwanja wa Atara ukawa na tini, na vitunguu, na mchicha.

"Mchicha!"

Mchicha hasa, Eliapenda, na wa kugawia wengine.

Atara akazeeka. Mgongo ukapinda, akawa na mjukuu, Tirza, mtoto wa kupanda mti huo kutwa nzima hata ukimwita hashuki. Ndipo asubuhi moja Atara akaenda kuteka maji, akaukuta mto umepungua. Frati ile, ambayo ilikuwa inameza ng'ombe, imemfika magotini. Na bado inapungua.

"Wewe mto," akauliza, "unakwenda wapi?"

"Wageni kutoka Uajemi wameniomba njia," mto ukasema. "Nawapisha."

Huko ndani mfalme alikuwa kwenye karamu, anakunywa mvinyo na kujivunia ukuta wake. Atara akatazama kingo za mto zilizobaki uchi. Matofali aliyoyafyatua usichana wake yalikuwa yameonekana, na kati yao lile la mbweha. Jina la mfalme maji yalikuwa yamelilamba lote. Unyayo wa mbweha ulikuwepo, vidole vyote vinaonekana. Akaugeukia mto, akauliza kwa sauti ndogo, maana alikuwa ameuliza mara nyingi maishani.

"Na mimi, nitarudi kwetu lini?"

"Umepanda nini?"

"Mkomamanga."

"Basi kachume," mto ukasema.

Wageni wakaingia kwa miguu pale mto ulipokuwa unapita, na ule ukuta mpana haukuguswa hata tofali moja. Babeli ikaanguka kama nabii alivyosema. Mfalme mpya akatangaza kwamba mateka wanaotaka kurudi kwao warudi. Atara akachuma. Akajaza kapu, akaongeza la pili, mwanawe akampakia juu ya punda. Kabla ya kuondoka aliuegemea ule mti kwa muda mrefu, mkono umeshika gome, mpaka watu wakamwambia msafara unaondoka. Walipofika langoni wakapishana na mbweha anaingia. Hata salamu hakutoa, mwenye nyumba yule.

Walitembea mpaka wakafika. Na kwao palikuwa nini? Palikuwa nyasi na mawe meusi ya moto. Hakuna aliyemjua Atara, wala yeye hakumjua mtu. Alipapasa huku na huku kama kipofu mpaka mguu ukagonga jiwe la kisima. Hapo akapiga magoti, akachimba pale mti wa bibi zake uliposimama, akapasua komamanga, akazirudisha mbegu. Alifanya taratibu, na aliongea na mama yake muda wote huo, lakini maneno yenyewe siyajui, yalikuwa yao wawili.

Nyuma yake akasikia mtu analia. Alikuwa Tirza, amekaa juu ya kapu tupu. Mtoto huyu hakuujua mji mwingine ila Babeli. Alikuwa anaulilia mti wake, na harufu ya tanuri asubuhi, na mto.

"Bibi," akasema, "tutarudi kwetu lini?"

Watu wakageuka kumkemea, wamwambie kwao ni hapa. Atara akawazuia. Swali hilo alilijua, alikuwa amelibeba maisha yake yote. Na tena, niwaambie kweli, yeye mwenyewe tangu jana yake alikuwa anaisikia Frati masikioni akilala, na alikuwa anaona aibu kusema. Akamvuta mtoto, akampangusa machozi kwa kile kitambaa cha Hogla, akamfungua kiganja na kumwekea punje chache nyekundu.

"Bado," akamwambia. "Umepanda nini?"

Basi, wanangu, wafalme hupanda na wafalme hushuka, na aliyeandika jina lake kwenye kila tofali amemwachia mbweha nyumba. Wewe ukikumbuka kwenu, kumbuka kwa jembe. Kwenu ukikufungia kwenye pindo, kutaliwa na wadudu.

Na wewe Senzia, unataka kusema nini?

"Shangazi, kile kichipukizi cha mgomba tulichokuja nacho kutoka kwetu mlimani, kile cha kwenye gunia. Bado kizima?"

Kipo nyuma ya mlango, ulikokitupa mwenyewe. Nimekuwa nakinyunyizia maji. Jembe liko pale kwenye matofali, chukua, na wenzako wakushikie taa. Mimi hadithi yangu imetua mzigo hapa, iliyobaki ni viazi, na vimeiva.