Rungu la Bosi Mabruki

Bosi Mabruki, mwenye malori na kitambi cha kuyajaza, alianza gofu uzeeni. Akanunua rungu zito la mabingwa, na kila akipiga, mpira ulikwenda kuwasalimia nyani vichakani. Lawama zote akambebesha Sikudhani, mbeba marungu yake.

"Leo, mbele ya wageni wangu, mpira usipovuka bwawa huna kazi!"

"Bosi, anayejifunza huanza na rungu jepesi, lenye kichwa kipana."

"Hivyo ni vijiti vya wanawake!"

Sikudhani akachomoa jingine, mpini umezungushiwa utepe mweusi. "Basi lipo hili. Ila hulimudu. Mwenyewe akikohoa tu, hata wewe unanywea."

"Mimi ninywee? Lete hapa!"

Akalinyakua, akajizungusha kama kuku aliyemwagiwa maji. Mpira ukapaa, ukavuka bwawa. Wageni wakashangilia.

"Rungu la dume hilo!" akanguruma Mabruki. "Sikudhani, kazi unayo! Na hili silirudishi. Mwenyewe aje anipokonye!"

Sikudhani akaubandua utepe. Mpini ulikuwa wa rangi ya waridi, una maua.

Akamgeukia mke wa bosi, aliyekaa na wageni. "Bi Hadiya, umesikia? Njoo umpokonye rungu lako."

Bi Hadiya akakohoa. Mabruki akanywea.