Fisi Alivyolainisha Bega la Bi Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na bega!
— Likawaje?
Likafanya kacha!

Bega lenyewe lilikuwa la Bi Pimbi, ajuza wa kukaa juu ya jabali. Siku moja alinyoosha mkono kuchuma jani, akateleza, akaning'inia. Kacha! Akaanguka chini, pu! Akijaribu kuuinua mkono, unafika usawa wa kitovu, basi. Nyumba yake iko juu, naye yuko chini, na huko chini ni kwa Fisi. Bi Pimbi aliogopa, tusidanganyane.

Fisi akaja, tifu tifu tifu.

"Shikamoo, bibi. Umeumia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kano la bega limechanika. Uzeeni kano huchakaa kama kamba ya kisimani."

"Pole. Basi nakula leoleo."

"Kula, nani kakuzuia? Ila nyama ya ajuza ni ngumu. Aliyemla shangazi yangu bila kumlainisha, meno yalibaki begani."

Fisi akashika taya. Meno yake aliyapenda kuliko mamaye.

"Hulainishwaje?"

"Polepole. Anza begani, kwingine kutafuata."

Mwezi wa kwanza Fisi akapasha moto majani ya mpapai, akambandika begani. Kisha Bi Pimbi akainama, akaulegeza mkono. Bembea, bembea.

"Limelainika?"

"Bado, mjukuu wangu."

Mwezi wa pili vidole vikapanda ukuta wa jabali. Tambaa, tambaa. Fisi kashika kiwiko, udenda chururu.

"Hapo panauma!"

"Tushushe, bibi, nyama isije ikakaza. Limelainika?"

"Bado, mjukuu wangu."

Mwezi wa tatu wakavutana kwa ugwe, huyu ncha hii, yule ncha ile. Vuta, vuta. Fisi sasa mbavu nje, maana alikataa mizoga yote asijaze tumbo. Akalibonyeza bega.

"Bibi, mbona limekuwa gumu kuliko mwanzo?"

"Ngoja nilitazame," akasema Bi Pimbi.

Akainua mkono. Ukapita kitovu. Ukapita sikio. Ukashika ukingo wa jabali, hop! Akawa juu. Machozi yakamtoka kwa furaha, kisha akachuma jani lile lile, akatafuna.

"Bibi! Na mimi je?"

"Wewe una mkono mzuri, mjukuu wangu. Ahsante sana."

Fisi akaruka kwa hasira, akadaka ukingo kwa mkono mmoja. Kacha! Pu!

"Bibi, bega langu!"

"Pole. Anza na majani ya moto," sauti ikatoka juu. "Miezi mitatu tu."

Hadithi yangu imepanda jabali. Asiyeiweza aisikilize akiwa chini. Na funzo lake, enyi wasikivu, ni hili: subira haivuti heri. Fisi alisubiri miezi mitatu, alipata nini? Kamuulizeni yeye. Bi Pimbi msimsumbue, anakula.